Pombe Ndani ya Ubongo Ulio Hai: Vipimo na Mipaka Yake

Ethanoli, kileo kilichomo katika bia ya Primus, pombe ya ndizi ya kasiksi na pombe kali ya kanyanga vilevile, ni molekuli ndogo yenye uzito wa 46 tu. Huchanganyika na maji kwa kiasi chochote na hupenya utando wa seli bila kuhitaji mlango. Ukuta unaotenga damu na ubongo, ambao huzirudisha dawa nyingi, hauizuii. Ubongo hupokea damu kiasi cha mililita 700 hadi 750 kwa dakika, karibu sehemu moja kati ya saba ya damu yote inayosukumwa na moyo, kwa hiyo kileo kilichoingia kwenye ateri huwa kimeshafika kichwani ndani ya dakika chache. Hadi hapo jambo ni jepesi. Ugumu huanza pale inapotakiwa tarakimu: ni kiasi gani kimo humo, saa hii, katika kichwa cha mtu anayepumua? Damu huvutwa kwa sindano, mkojo huwekwa chupani, lakini kipande cha ubongo wa mtu aliye hai hakikatwi ili kupelekwa maabara. Kwa hiyo njia karibu zote hupima kitu kilicho jirani na kinachotafutwa, na swali la kuuliza kila moja ni hili: jirani huyo ni wa nyumba ya pili, au ni wa kijiji kingine?

Kamituga, mji wa dhahabu katika eneo la Mwenga, Kivu Kusini, uliopo takriban kilomita 180 kusini-magharibi mwa Bukavu, unaonesha kwa nini swali hili si la maabara peke yake. Mchimbaji anakutwa jioni kando ya shimo akiyumba, ulimi mzito, maneno hayashikani. Watu watasema amelewa, na mara nyingi watakuwa wamesema kweli, maana nganda, yaani vilabu vya pombe, haziko mbali na mashimo. Lakini zebaki inayotumika kuishika dhahabu, mvuke wake ukivutwa kwa miaka, huleta mtetemeko wa mikono, mwendo usio thabiti na hasira za ghafla. Moshi wa mashine inayovuta maji au kupeleka hewa chini humfanya mtu achanganyikiwe kabla hajazimia. Malaria iliyopanda kichwani, sukari iliyoshuka, jiwe lililogonga fuvu: vyote vinaweza kuvaa sura ya ulevi. Harufu ya kanyanga mdomoni haiondoi hata kimoja, kwa sababu mlevi naye huugua malaria na mlevi naye huangukiwa na jiwe. Ishara za mwili hazipimi kileo.

Jaribio la kwanza linalojulikana vizuri la kukitafuta kileo ndani ya ubongo lilifanywa na John Percy, daktari kijana aliyesoma Edinburgh, aliyelichapisha mwaka 1839. Aliwaingizia mbwa kileo tumboni, kisha akaukeneka ubongo wao kama watu wanavyokeneka pombe kali, akapata majimaji yanayowaka moto. Kumbe kileo chenyewe, wala si athari zake tu, kilikuwa kimeingia katika nyama ya ubongo. Percy aliamini hata kwamba ubongo hukivuta kuliko viungo vingine, na hapo alikosea. Baadaye aliiacha tiba, akawa mwalimu wa elimu ya madini jijini London, na mwaka 1880 akatoa kitabu juu ya fedha na dhahabu. Wachimbaji wa Kamituga wangeielewa njia yake pasipo kufundishwa: twanga, tenganisha, ona kinachobaki. Kasoro yake ni kwamba inataka mnyama afe kwanza.

Kilichosahihisha wazo la Percy ni hesabu ya maji. Kwa kuwa ethanoli huenda yalipo maji na haijifichi kwenye mafuta, kila kiungo hupata fungu lake kwa kadiri ya maji yaliyomo. Damu ni maji kwa asilimia 80 hivi. Ubongo kwa jumla unakaribia hapo, ila si sawa kila mahali: sehemu ya kijivu, zilipo seli zenyewe, ina maji zaidi ya asilimia 80, na sehemu nyeupe, yenye nyuzi zilizofunikwa kwa mafuta, ina kama asilimia 70. Mlingano ukishapatikana, basi, ubongo unategemewa kuwa na kileo pungufu kidogo ya damu, na sehemu nyeupe pungufu zaidi.

Erik Widmark, mkemia wa Uswidi, aliijenga hesabu hiyo kwa mwili mzima katika kitabu chake cha 1932. Gramu za kileo hugawanywa kwa uzito wa mtu uliozidishwa na kizidishi, kama 0.68 kwa wanaume na 0.55 kwa wanawake. Chupa ya Primus ya sentilita 72 yenye kileo cha asilimia 5 ina karibu gramu 28 za ethanoli. Mwanamume wa kilo 60 akiimaliza kwa mkupuo tumbo likiwa tupu, hesabu inampa takriban gramu 0.7 kwa lita ya damu, ambayo ini huipunguza kwa kama gramu 0.15 kila saa. Kwa kipimo cha wanakemia hiyo ni milimoli 15 hivi kwa lita, na ubongo utakuwa chini kidogo ya hapo. Ni makisio mazuri, lakini yanadai kujua kilichonywewa. Kanyanga na lotoko, nayo pombe ya kukeneka, hazina karatasi ya asilimia, na pipa la leo si kali kama la jana.

Kwa wanyama, swali lilijibiwa kwa kuingia ndani. Mikrodayalisi hutumia mrija mwembamba wenye ncha ya utando, unaopandikizwa kwenye sehemu maalumu ya ubongo wa panya. Majimaji yanayofanana na yale ya ubongo hupitishwa polepole, ethanoli huvuka utando na kuingia humo, na kila baada ya dakika chache tone hukusanywa na kupimwa kwa kromatografia ya gesi. Uzuri wake ni kwamba panya huendelea kutembea, kunywa na kulewa. Ubaya wake ni kwamba majimaji hayo hayapati muda wa kulingana na ubongo, hivyo tone hubeba sehemu tu ya kileo kilichopo, na sehemu hiyo ikipimwa katika gilasi ya maabara haiwi sawa na ile ya ndani ya ubongo, ambako damu inapita na kukiondoa kileo. Mwaka 2000 Donita Robinson, Rueben Gonzales na wenzao huko Texas walionesha jinsi ya kuisahihisha tarakimu hiyo ndani ya mnyama mwenyewe. Tangu hapo mikrodayalisi ilianza kutoa viwango vya kuaminika badala ya mistari inayopanda na kushuka tu.

Njia nyingine ya kupandikiza ni kihisi chenye kimeng'enya. Alkoholi oksidesi hubandikwa kwenye waya wa platini. Kila molekuli ya ethanoli inapooksidishwa hutokea peroksidi ya haidrojeni, nayo hutoa mkondo mdogo wa umeme unaosomwa papo hapo. Watafiti wa Sassari, Sardinia, walieleza mwaka 2012 kihisi cha namna hiyo kinachotuma tarakimu kwa redio kutoka kwenye kichwa cha panya anayetembea huru. Kimeng'enya huchoka na ubongo huzungushia waya kovu, kwa hiyo kipimo hicho ni cha siku, si cha miaka. Na kwa mtu mzima wa afya hakuna tabibu atakayetoboa fuvu ili kujua kiasi cha bia.

Kwa binadamu, chombo cha pekee kinachoiona ethanoli yenyewe ndani ya ubongo bila kuugusa ni sumaku. Mashine ni ile ile ya picha ambayo Kongo huitwa IRM na baadhi ya nchi jirani huiita MRI, lakini badala ya kuchora picha huulizwa swali la kikemia. Viini vya haidrojeni katika sumaku kali huitikia mawimbi ya redio, na sauti ya mwitikio hutegemea kiini kimekaa wapi katika molekuli. Historia yenyewe ina utani wake: mwaka 1951 Arnold, Dharmatti na Packard wa Stanford walipoonesha kwa mara ya kwanza kwamba haidrojeni za molekuli moja huitikia kwa sauti tofauti, molekuli waliyoitumia ilikuwa ethanoli. Ilitoa vilele vitatu, kimoja kwa kila kundi la haidrojeni zake. Miaka 39 baadaye, mwaka 1990, kundi la Yale, Hanstock akiandika kwa niaba ya wenzake, na kundi la Mendelson huko Massachusetts, kila moja kwa upande wake, yaliisoma sauti hiyo hiyo kutoka katika kichwa cha mtu aliyekunywa.

Kusoma huko si kazi nyepesi. Maji ya ubongo yana haidrojeni kwa kiwango kinachozidi cha kileo mara elfu kadhaa: maji ni kama moli 43 kwa lita, kileo cha mlevi wa kawaida ni milimoli 10 hadi 20. Lazima sauti ya maji izimwe kwanza, kama mtu anayetaka kumsikia mtoto akinong'ona kando ya mashine ya kusaga mawe. Kilele kikuu cha ethanoli hukaa kwenye sehemu 1.2 kwa milioni katika mstari wa vipimo, na majirani zake ni wasumbufu. Laktati, inayoongezeka ubongo unapokosa oksijeni, ipo kwenye 1.3. Mafuta ya ngozi ya kichwa yapo papo hapo na huvuja ndani ya kipimo ikiwa eneo limechaguliwa karibu mno na fuvu. Mtu aliyefunga kula kwa muda mrefu, au mwenye kisukari kilichoharibika, ana ketoni inayotoa kilele karibu na 1.2. Propilini glikoli, inayotumika kuyeyushia baadhi ya dawa za sindano za degedege, hukaa karibu sana na hapo, hivyo mgonjwa ambaye hajagusa pombe anaweza kusomeka amelewa.

Kuna mtego mwingine wa ndani zaidi. Kilele kikuu cha ethanoli kimegawanyika kuwa vitatu vidogo kwa sababu haidrojeni za jirani huvutana. Mpimaji akichagua kusikiliza mwangwi baada ya milisekunde 70 hivi, vile viwili vya pembeni hupinduka na kukifuta cha katikati, na kileo kinatoweka kwenye karatasi ilhali kimo kichwani. Akisubiri hadi 140 na kitu, vinarudi wima, lakini sehemu ya sauti imeshafifia.

Hapa ndipo ulipozuka mgogoro uliotawala uwanja huu kwa zaidi ya miaka kumi, na ambao ndio kiini cha suala zima. Vipimo vya awali vilionesha kileo kidogo mno ubongoni kuliko hesabu ya maji inavyotaka, nyakati nyingine chini ya nusu ya kile cha damu. Kwa panya na mikrodayalisi pengo kubwa namna hiyo halikuwepo. Basi ama hesabu ya maji ilikuwa batili, ama sumaku haikuona kileo chote. Rai iliyoshika ni ya pili: sehemu ya ethanoli hushikamana kwa muda na utando wa seli, na molekuli iliyoshikwa hunyamaza upesi kiasi kwamba chombo hakiisikii. Mwaka 1996 Meyerhoff na wenzake wa San Francisco walipima namna sumaku inavyohamishwa kutoka utandoni kwenda kwenye ethanoli, wakapata ushahidi kwamba ethanoli ya ubongo haiishi katika chumba kimoja.

Kabla ya hapo, mwaka 1994, Chiu, Mendelson na wenzao walikuwa wameripoti jambo la kushangaza zaidi: kwa kiwango kile kile cha damu, wanywaji wazoefu walionekana kuwa na kileo kingi zaidi ubongoni kuliko wanywaji wa mara moja moja. Waliieleza kwa utando: ubongo uliozoea hukishika kileo kidogo, kwa hiyo kinachobaki huru na kusikika ni kingi. Ikiwa ni kweli, sumaku haipimi kileo tu, bali hupima uzoefu, kile ambacho watu wa nganda humsifia mtu kwa kusema kwamba kichwa chake ni kigumu. Wazo linavutia, lakini linapaswa kushikwa kwa uangalifu. Vipimo vingine vilivyosahihisha vizuri kufifia kwa sauti na kuchagua rejeo bora vilipata uwiano ulio karibu na ule wa maji, na pengo likapungua bila kuhitaji uzoefu wa mtu yeyote. Sehemu kubwa ya kile kilichoitwa kileo kisichoonekana inaelekea ilikuwa kasoro ya upimaji. Sehemu ndogo iliyobaki, ile inayogusana na utando, ndiyo yenye maana kwa elimu ya ulevi.

Suala la rejeo si dogo. Ili kugeuza urefu wa kilele kuwa milimoli, mpimaji hukilinganisha na kitu ambacho kiwango chake kinajulikana, aghalabu maji au kreatini ya ubongo wenyewe. Katika utafiti wa Heidelberg uliochapishwa mwaka 2009, Biller na wenzake waliwalaza wanaume 8 na wanawake 7 ndani ya mashine, wakawanywesha kwa mrija mrefu hadi damu ifikie kama gramu 0.5 hadi 0.6 kwa lita. Magazeti yalishika tarakimu moja: kileo kilionekana ubongoni baada ya dakika 6. Lenye uzito zaidi kwa wapimaji ni kwamba kreatini na kolini, kemikali nyingine ya ubongo, nazo zilipungua kadiri kileo kilivyopanda. Anayepimia kwa kreatini, basi, anapimia kwa mizani ambayo jiwe lake linayeyuka, jambo ambalo mnunuzi yeyote wa dhahabu angelikataa.

Ili kuondoa mchezo wa tumbo, ambalo kwa mmoja hufyonza haraka na kwa mwingine polepole, watafiti wa Chuo Kikuu cha Indiana walibuni njia ya kuingiza kileo kwa mshipa, mwendo ukirekebishwa kwa kupima pumzi kila baada ya dakika chache, hadi kiwango kisimame mahali pamoja kwa saa kadhaa. Damu na ubongo vikitulia hivyo, kulinganisha kipimo kimoja na kingine kunakuwa halali.

Skani za positroni zimezoeleka kutajwa katika mada hii, lakini hazipimi kiwango cha kileo. Zinaonesha kwamba ubongo uliolewa hutumia glukosi kidogo kuliko kawaida, na kwamba asetati, inayotoka ini linapovunja pombe, huchukuliwa kuwa kuni mbadala. Mawimbi ya umeme ya ubongo nayo husoma athari. Ni maarifa ya thamani, ila yanajibu swali jingine.

Mashine za sumaku zinazoweza kazi hii ni za tesla 1.5, 3 au zaidi, na sababu ni ya hesabu. Umbali kati ya kilele cha ethanoli na kile kikubwa cha jirani, cha asetili-aspartati, ni karibu heziti 100 kwenye tesla 3 na 50 kwenye 1.5. Mashine ya tesla 0.35 iliyofungwa Blantyre, Malawi, mwaka 2008, ambayo ilisaidia kuonesha kwamba ubongo wa watoto wenye malaria kali huvimba, ingeviacha vilele hivyo heziti 12 tu mbalimbali. Ile ndogo iliyounganishwa Mbarara, Uganda, mwaka 2022 kwa ushirikiano na Leiden, yenye chini ya tesla 0.05, ingeviacha chini ya heziti 2, yaani vimelaliana kabisa. Mashine hizo ndogo zina manufaa makubwa kwa kuona maji yaliyojaa kichwani, lakini kileo hazitakisoma hata zikiboreshwa vipi. Na mgodini kuna kikwazo kingine: mtu mwenye chembe ya chuma jichoni kutokana na nyundo na patasi, au kipande cha risasi mwilini, haingizwi kwenye sumaku kali kabla ya kukaguliwa.

Kinachobaki kwa mji kama Kamituga ni majirani wa karibu, na wa kwanza ni pumzi. Hewa ya mwisho ya mapafu imetoka kulingana na damu inayoelekea kwenye ateri, damu ile ile inayopelekwa ubongoni. Kifaa cha Robert Borkenstein cha 1954 na vizazi vyake, vikiwemo vile ambavyo madereva wa Kenya huviita alkoblo, huchukulia kwamba lita 2,100 za pumzi zina kileo sawa na lita moja ya damu. Uwiano huo hubadilika kati ya mtu na mtu, lakini kwa kuufuata ubongo pumzi mara nyingi huishinda damu ya mkononi. Mwaka 1937 Rolla Harger na wenzake walikuwa wameonesha kwa wanyama kwamba ubongo hulingana na damu upesi, ilhali misuli huchelewa. Damu ya mshipa wa mkono imetoka misulini, ambayo bado inanyonya kileo, kwa hiyo katika saa ya kwanza ya unywaji husoma chini ya hali halisi ya kichwa, na baadaye, misuli inapokirudisha, husoma juu kidogo. Tarakimu ya damu isiyo na saa ya kinywaji cha mwisho ni nusu ya habari.

Pumzi ina udhaifu wake pia. Kileo kilichobaki mdomoni huipandisha kwa dakika 15 hivi. Aliyezimia hawezi kupuliza, ingawa vipande vya kuchovya kwenye mate, vyenye kimeng'enya kinachobadilisha rangi, vinaweza kuziba pengo hilo. Hatari kubwa ni methanoli. Vifaa vya pumzi vinavyotumia seli za kemikali huisoma kana kwamba ni ethanoli, na pombe ya kukeneka inaweza kuwa nayo: makumi ya watu walikufa kwa waragi wenye methanoli huko Kabale, Uganda, mwaka 2010. Katika sumaku kali methanoli ingejitenga yenyewe, kwa kilele kimoja kwenye 3.3. Pasipo sumaku, hospitali hupima nyuzi za joto ambazo majimaji ya damu hugeuka barafu, na kutokana nazo hupata jumla ya vitu vilivyoyeyuka humo, kwa miliosmoli. Ethanoli gramu 1 kwa lita huongeza miliosmoli 22 hivi. Miliosmoli zilizopimwa zikizidi sana zile zinazoelezwa na chumvi, sukari, urea na ethanoli iliyopimwa, kuna kitu kingine humo ndani. Tofauti hiyo huamua matibabu, kwa sababu ethanoli yenyewe ni mojawapo ya dawa za kuzuia methanoli isigeuke sumu ya macho na ubongo.

Wa mwisho katika majirani hawa haelezi saa hii bali majuma yaliyopita. Fosfatidiletanoli hutengenezwa kwenye utando wa seli pale tu ethanoli ipo, na hubaki kwenye chembe nyekundu za damu kwa siku nyingi. Watafiti wa Mbarara, wakishirikiana na wa San Francisco, wameitumia kwa watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, wakakuta baadhi ya waliosema hawanywi wakiwa nayo. Tone la damu lililokaushwa kwenye karatasi linatosha, na karatasi husafiri bila barafu, jambo lenye uzito mahali ambapo barabara ya Bukavu wakati wa mvua huwafunga abiria njiani. Haisemi chochote juu ya ubongo wa mtu aliyelala kando ya shimo jioni ile. Kwa huyo, mpangilio wa kitabibu huanza na tone la kidole kwa sukari na kwa malaria, kisha macho na fuvu kwa dalili za jeraha, kisha pumzi au mate kwa kileo. Na tarakimu hiyo ikiwa ndogo kuliko hali anayoonekana nayo, sababu ya kuyumba kwake bado haijapatikana.